Dirisha la Rembrandt: Fani si Kikombe

Darasani tumezoea kuambiwa kuwa fani ni kikombe na maudhui ni chai. Ukishakunywa, kikombe unakiweka kando, basi. Makala hii inaupinga mfano huo kwa kuhakiki picha moja ndogo ya dini: Bikira Maria na Mtoto, pamoja na paka na nyoka, kazi ya Rembrandt, Mholanzi, ya mwaka 1654.

Picha yenyewe haizidi postikadi: kama sentimita 9.5 kwa 14.5. Kwa ufundi huu, msanii hupaka nta juu ya bamba la shaba na kuchora kwa sindano, kisha tindikali hula pale tu palipokwaruzwa. Wino huingia katika mikwaruzo hiyo, karatasi ikachapwa. Asiseme mtu eti huu ni ufundi wa wazungu tu: George Lilanga aliutumia pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kuchora mashetani yake.

Nakala ya picha hii nilimwonyesha bibi yangu kule Njoro, Moshi. Yeye anatunza kadi ya Bikira Maria ndani ya kitabu cha sala, ile yenye duara la dhahabu kichwani. Akaisogeza picha karibu na macho.

"Huyu mbona hana taji, mjukuu wangu?"

Nikamwonyesha dirisha lililo nyuma ya Maria, jinsi fito zake zinavyokizunguka kichwa kama nuru. Akacheka. Halafu akauliza jambo ambalo mimi, msomi, sikuliona: "Na baba mtu mbona yuko nje?"

Kweli, Yosefu anachungulia kupitia dirisha lilelile.

"Kumbe kama wa kwetu," akasema. "Wa kuja Krismasi."

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Dirisha moja linamtukuza mama na papo hapo linamtenga baba. Chini, Maria amemkanyaga nyoka, naye paka anacheza na pindo la gauni: ukombozi na mambo ya nyumbani katika sakafu moja. Liondoe dirisha, hupotezi pambo, unapoteza maana zote mbili. Sasa kikombe kiko wapi, na chai iko wapi?

Hata udogo wa picha ni maana. Watu wawili hawawezi kuitazama pamoja bila kukaa bega kwa bega, kama tulivyokaa mimi na bibi.