Kipimo cha Kusoma na Mtoto wa Mbingu

Uchunguzi wa Uwezo ulipofanywa Tanzania kwa mara ya kwanza, mwaka 2010, ilionekana kuwa katika kila watoto watano wanaomaliza elimu ya msingi, mmoja hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Habari hiyo iliwashtua wengi, nayo ilistahili kushtua. Mtaala wa mwaka 2015 ukatanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa mawili ya kwanza. Lakini mijadala iliyofuata ilihusu zaidi mtoto, mwalimu na darasa. Kipimo chenyewe kiliulizwa kwa nadra. Kipimo cha kusoma ni kazi ya lugha kabla hakijawa kazi ya takwimu, na kwa hiyo wataalamu wa lugha wana wajibu wa kukikagua.

Ni heri ukaguzi huo ufanywe kwa kufikiria mahali penye ugumu wake. Mbingu, upande wa magharibi wa Ifakara, iko baina ya milima ya Udzungwa na uwanda wa mto Kilombero, katika njia ya reli ya TAZARA. Kindamba ni lugha ya wenyeji. Kipogoro, Kibena na Kihehe ni lugha za majirani, na Kisukuma kimeingia bondeni pamoja na wafugaji. Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wote. Tena bonde hili ni nchi ya mpunga: wakati wa kilimo jamaa nyingi huhamia mashambani, hukaa katika madungu mpaka mavuno, na watoto wengine huenda nao.

Kwa mahali kama hapo kipimo cha Uwezo, kilichofuata mfano wa ASER ya India, kina sifa moja kubwa, nayo ni kuwafuata watoto majumbani. Mtihani wa shuleni humpima aliyehudhuria tu. Aliye dunguni hahesabiwi kuwa ameshinda wala ameshindwa. Hata hivyo, mpimaji akifika wakati nyumba zimefungwa kwa kuwa wenyewe wako shambani, sifa hiyo hupungua. Basi tarehe ya kupima ihesabiwe kuwa sehemu ya kipimo, isiachwe kuwa jambo dogo la ofisi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika kipimo cha aina ya pili, kijulikanacho kwa jina la EGRA, kilichotumika katika shule za Tanzania mwaka 2013. Miongoni mwa kazi zake mtoto hupewa kifungu, na mpimaji huhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa kwa dakika moja. Yaonekana kuwa njia ya haki, maana dakika ni moja kwa kila mtu. Lakini neno si moja kwa kila lugha. Sentensi fupi yatosha kuonyesha: "Wakulima walipokuwa wakivuna mpunga." Hapa mtoto amesoma silabi 16, naye huandikiwa maneno manne. Maana hiyo hiyo kwa Kiingereza huchukua maneno sita yenye silabi tisa tu. Aliyefanya kazi kubwa zaidi amepata hesabu ndogo zaidi.

Wala haifai kudhani kwamba mipaka ya maneno imewekwa na maumbile. Wasemaji wa Kizulu huandika "ngiyabathanda" kwa neno moja; wasemaji wa Kisotho, ambao lugha yao ni ya jamii hiyo hiyo ya Kibantu, huandika "ke a ba rata" kwa maneno manne, na maana ni moja, yaani "nawapenda". Tofauti imetokana na uamuzi wa watengenezaji wa maandishi. Kiswahili nacho huandika viambishi vyote pamoja na mzizi wa kitenzi. Kuhesabu maneno kwa dakika bila kulitazama jambo hili ni kupima uamuzi wa maandishi na kuuita uwezo wa mtoto. Nchini Kenya jambo hili halikupuuzwa kabisa: kiwango kilichowekwa kwa darasa la pili kilikuwa maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili.

Kosa la pili lina mwelekeo wa kinyume. Kiswahili kina irabu tano, na herufi zake karibu zote hutamkwa namna moja daima. Mtoto aliyejifunza ba, be, bi, bo, bu na wenzake aweza kutamka sentensi ndefu asiyoielewa. Mtoto wa Mbingu azungumzaye Kindamba au Kisukuma nyumbani aweza kuipita ngazi ya silabi, ya maneno na hata ya aya, naye akaandikwa kuwa msomaji, ilhali maana haikumfikia. Huyo hana wa kumsaidia, kwa sababu daftari lasema hana shida. Kwa hiyo maswali ya ufahamu yanayofuata hadithi yapewe uzito mkuu katika kipimo chochote cha Kiswahili.

Kuna na upande wa matamshi. Lugha nyingi za Kibantu za bara hazina sauti za th na dh. Mtoto aonaye "thelathini" akatamka "selasini" amesoma barabara. Alichokosa ni lafudhi ya pwani. Mpimaji asiyefunzwa kutenganisha mambo haya mawili atamtia kosa asilolifanya.

Neno hilo hilo laingia katika hesabu. Hesabu za Kiswahili kati ya kumi na ishirini zinajieleza: aliyejua kumi na tatu ameshajua namna ya kutaja kumi na nne. Katika makumi hali hubadilika. Sitini, sabini na tisini husikika ndani yake sita, saba na tisa, kwa kuwa majina haya nayo yalitoka katika Kiarabu. Lakini katika thelathini hamna tatu, katika arobaini hamna nne, wala katika hamsini hamna tano. Mtoto ashindwaye kuitaja namba 43 huenda anajua thamani yake, akawa hajapata jina lake. Kipimo kinachomwambia ataje namba kwa sauti, bila kumpa nafasi ya kuionyesha kwa vijiti au mbegu, hakiwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomshinda.

Haya yote hayaondoi ukweli wa mwaka 2010. Watoto wasiojua kusoma wapo, na kuwaficha nyuma ya hoja za isimu lingekuwa kosa baya kuliko kipimo kibovu. Lakini kwa hesabu hizi walimu husifiwa au kulaumiwa, vitabu huagizwa, na mtoto huambiwa kwamba anaweza au hawezi. Yafaa basi silabi zihesabiwe badala ya maneno, au kila lugha iwekewe kiwango chake; ufahamu utangulie kasi; wapimaji wafunzwe lafudhi za bara; na upimaji usifanywe wakati wa madungu. Kazi ya kuandaa vifungu vya namna hiyo ni ya wanaisimu wa Kiswahili, na haitafanywa vizuri na mtu aliyeanza na kifungu cha Kiingereza.