Mzimu na Kisanduku cha Porini

Tangu mwaka 2000 umeenea ulimwenguni mchezo wa kuficha visanduku porini, watafutaji wakiongozwa na setilaiti. Na baadhi ya wafichaji huvipamba kwa visa vya kutisha vitokavyo vitabuni. Mtu atakaye kuficha kimoja katika misitu ya Nachingwea au Ruangwa yafaa kwanza asome Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotolewa mwaka 1960. Humo maiti ya Bwana Ali yaonekana mzimuni, watu wakaingiwa na hofu. Lakini Bwana Msa, pamoja na kiko chake, atafuta alama alizoacha mwanadamu, wala si pepo.

Huo ndio uzuri wa kitabu: chatenga hofu na ukweli. Hata hivyo, msomaji wa kusini atakumbuka kwamba hofu na heshima si kitu kimoja. Kwa wazee wa Kimwera, mti wa tambiko uliowekewa unga shinani si fumbo la kufumbuliwa. Ni mahali pa kusema na waliotangulia. Bwana Msa amfichua muuaji, kwa kuwa kosa lilikuwa la mtu. Mzimu haukuwa na kosa. Msomaji aliyelielewa hilo atakificha kisanduku chake mbali na mti huo.