Kabla ya Chuma, Tazama Mpini

Wachezaji wa ngoma ya Bugobogobo wakiingia uwanjani, majembe huruka. Mchezaji hulizungusha jembe lake, hulirusha juu, kisha huudaka mpini huku macho yake yako kwa wenzake. Watu hushangilia wepesi wa mikono. Fundi seremala aliyesimama pembeni anashangilia mpini.

Jicho la fundi huyo ndilo linalokosekana sokoni. Mkulima wa pamba wa Shinyanga akitafuta jembe, au mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, akitafuta nyundo ya kugongea moko, yaani patasi ya kupasulia mwamba, wote huanza na chuma. Hukigonga, husikiliza mlio, hukagua makali. Mpini huchukuliwa wowote uliopo. Baada ya majuma machache kifundo cha mkono kinauma, na kazi ndiyo hubebeshwa lawama zote.

Nyundo inapotua mwambani, sehemu ya nguvu hulipasua jiwe na sehemu hurudi mkononi kwa mtikisiko. Wacheza tenisi walishaujua ugonjwa huu. Anayeumwa mkono hushauriwa aachane na nyuzi ngumu za poliesta, atafute laini, na azikaze kidogo kuliko alivyozoea, ili zibonyee na kumeza mshindo wa mpira. Mchimbaji wa Geita hana nyuzi za raketi, ila anazo nyuzi za mti.

Mti wenyewe, basi. Kwa mipini, mkole na mlama ina sifa ya ugumu usiokatika ghafla: hupinda kidogo, halafu hurudi. Mkaratusi hupatikana kwa urahisi na hunyooka vizuri, lakini ukikaushwa kwa haraka hupasuka. Shinyanga ina bahati ya ngitili, maeneo ya malisho na miti yanayofungwa kwa msimu. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia hazikufika hekta 1,000. Ndani ya miongo miwili zilikuwa zimevuka 300,000. Pamoja na kuni na majani ya mifugo, fito za mipini nazo zilirudi karibu na nyumbani.

Bomba la chuma lililochomelewa kwenye nyundo halivunjiki upesi, na sifa zake zinaishia hapo. Halimezi kitu. Kila pigo hufika mfupani.

Ukishaupata mti, zisome nyuzi zake. Shika mpini juani, ugeuze polepole. Nyuzi zinatakiwa kutoka kichwani hadi kwenye kishikio bila kukatishwa. Zinapotokeza ubavuni, hapo ndipo mpini utakapovunjikia. Ndiyo maana fundi mzuri hupasua gogo kwa shoka, akiufuata mti unavyotaka, kisha huchonga. Msumeno hauulizi nyuzi zimeelekea wapi. Fundo likiwa karibu na tundu la chuma, urudishe mpini ulipoutoa.

Ukavu nao una dalili zake. Mpini mbichi ni mzito, hutia ubaridi kiganjani, na ukigongwa hutoa mlio mzito uliokufa. Ukishakauka ndani ya tundu hunywea, kichwa kikalegea. Nyundo iliyolegea humfanya mtu akaze mkono bila kujijua, na kukaza huko huchosha misuli.

Umbo ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Mpini wa duara kamili huzunguka mkononi. Wa umbo la yai hutulia, na kiganja hujua uso wa nyundo uko wapi hata gizani ndani ya shimo la mgodi. Kwa kazi ya nguvu, unene wa milimita 32 hadi 50 huwafaa wengi. Kipimo cha haraka: ushike, ncha ya kidole gumba iguse au ipite kidogo ncha ya kidole cha kati. Vernishi inayong'aa huvutia macho, ila huteleza kwenye jasho. Mpini uliokwanguliwa kwa kigae cha chupa na kupakwa mafuta kidogo hushikika vizuri zaidi.

Mwisho, angalia kabari. Iingie imebana, tena ya mti mgumu mkavu. Msumari uliopigwa kwa haraka huupasua mpini kuanzia juu.

Kinamama wanaoponda mawe ya dhahabu kabla hayajapelekwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hurudia pigo moja mchana kutwa, na baadhi huzungushia mpini mpira wa ndani wa baiskeli. Ni dawa nzuri: hupunguza mtikisiko na huzuia kuteleza. Lakini mzunguko wa tatu au wa nne huunenepesha mpini hadi vidole visikutane. Hapo ni kupima upya kwa kidole gumba, na kubandua mpira uliozidi. Vidole vikianza kufa ganzi usiku, suala limeshatoka kwa seremala. Ni la daktari.