Hapa Tunalipia Nini?

Kanuni zenyewe hazina ugumu. Urefu mara upana, umepata eneo. Jumlisha pande zote, umepata mzingo. Mtoto wa darasa la tano huzikariri asubuhi na mchana anazijua. Taabu huanza pale fundi anapoingia kwenye swali: baba anataka kuzungushia kiwanja senyenge, mama anataka vigae sebuleni, gharama ni kiasi gani? Hapo nusu ya darasa huzidisha palipotakiwa kujumlisha, maana namba mbili zikikaa pamoja ubaoni mkono huenda wenyewe kwenye alama ya kuzidisha.

Mwalimu hodari huuwahi mkono huo. Haulizi jibu ni ngapi. Huuliza, "Hapa tunalipia nini?" kisha hunyamaza, na kunyamaza kwenyewe kunataka moyo, kwa kuwa darasa la watoto sitini likikaa kimya kila mwalimu hutamani kulisaidia. Yeye husubiri. Waya huuzwa kwa mita, vigae kwa mita ya mraba, kulimiwa kwa ekari. Mtoto akishatambua kinachouzwa, kanuni haimpotei tena.

Ufundi mwingine umo katika kuchagua namba. Tazama kiwanja cha mita 24 kwa 15, chenye lango la mita 3, nguzo zikisimikwa kila baada ya mita 3. Mzingo ni mita 78. Ukitoa lango zinabaki 75, na mistari minne ya waya inakula mita 300. Pande zote mbili zinagawanyika kwa 3, hivyo kila kona inapata nguzo yake, kama fundi angependa. Halafu mtego: 75 gawanya kwa 3 ni 25, na darasa zima linaandika nguzo 25. Mwalimu hasemi kwamba wamekosea. Anawaambia wachore. Wanachora, wanahesabu, wanakuta 26, kwa sababu walichokuwa wamekihesabu ni nafasi kati ya nguzo na nguzo. (Maswali mengi ya vitabuni yana bustani ya mstatili iliyozungushwa uzio pande zote bila mlango. Mwenye bustani sijui huingilia wapi.)

Chumba cha mita 4 kwa 3 kina utamu wake. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinaingia mara 10 upande mmoja na mara saba na nusu upande wa pili, kwa hiyo vigae 75, vitano kati yake vikatwe katikati. Hapo mtoto wa fundi, ambaye siku nyingine hukaa nyuma kabisa, hunyanyua mkono: vigae huvunjika vikikatwa, baba yake hununua vya ziada. Mwalimu asiyejiamini angesema turudi kwenye swali. Aliyebobea humpa chaki aje aeleze ubaoni.

Lakini somo ninalolipenda kuliko yote ni la ekari, nalo hufanyika nje. Vijijini Tanzania ekari hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70, na anayedhani hicho ni kipimo cha kubahatisha afanye hesabu. Hatua ya mtu mzima ikiwa yadi moja, yaani karibu sentimita 91, zinapatikana yadi za mraba 4,900. Ekari kamili ni yadi za mraba 4,840. Wazee hawakukosea sana.

Sasa mwalimu anamtoa mwanafunzi mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote, kila mmoja atembee 70 kwa 70, na vigingi vipigwe. Tuseme hatua ya mfupi ni sentimita 60. Upande wake unakuwa mita 42, shamba lake mita za mraba 1,764, wakati ekari ni kama 4,047. Hatua imepungua theluthi moja tu, shamba limepungua zaidi ya nusu! Watoto hawaamini. Wanarudia kuzidisha, wengine wanarudi kwenye vigingi kuhakikisha, na mwalimu hana haraka nao, maana upungufu ulioingia kwenye urefu na kwenye upana pia hauelezeki vizuri kwa mdomo.

Wakitulia, analeta fedha. Shamba linakodishwa kwa ekari: mwenye shamba angetaka lipimwe na nani? Mfupi! Na mkulima anayekodi? Mrefu! Na mwenye trekta, anayelipwa kwa kila ekari anayoilima? Hapo wanagawanyika, wanabishana kidogo, kisha mmoja anapiga kelele kwamba huyo naye atamtafuta mfupi.