Fundi wa Kufungasha

Watu wa Nyeri tumetaniwa kwa ubahili tangu zamani, na wanaotutania hawakosi kisa cha mzee aliyezima taa mgeni alipoketi, kwa kuwa mazungumzo hayahitaji mwanga. Sina haja ya kukanusha. Ninachotaka kukisifu ni ufundi ambao utani huo hauuoni: ufundi wa mtu anayeitoa familia ya watu sita nyumbani Ijumaa jioni, akailaza kwenye baridi ya Mlima Kenya, akairudisha Jumapili bila mafua na bila deni. Mtu huyo hana cheti. Aghalabu ni mama au shangazi, na katika nyumba nyingine ni kijana wa sekondari aliyepitia Skauti. Kazi yake huanza siku kadhaa kabla ya safari, chumbani, juu ya kitanda kilichojaa vitu, na hakuna anayeitazama.

Kwanza tuizungumzie baridi, maana ndiyo mwenye nyumba huko juu. Kilele cha Batian kina mita 5,199, lakini familia haiendi huko. Inaishia Naro Moru, Kabaru au lango la Sirimon, kwenye ukingo wa msitu, mahali ambapo mchana watoto huvua sweta na jua likizama tu huzidai tena kwa kilio. Mgeni wa kutoka Mombasa, na hata wa Nairobi, hudhani dawa ni blanketi zito la kujifunika. Fundi anajua kwamba baridi ya mlimani humpanda mtu kutoka chini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na godoro jembamba likilaliwa hubanwa, hewa iliyokuwa ndani yake hutoka, kinga ikaisha. Kwa hiyo yeye huanzia chini. Hutandika maboksi ya dukani yaliyokunjuliwa, juu yake magunia, juu yake tena blanketi kuukuu lililokwisha manyoya. Akiwa na mablanketi mawili tu ya kugawa, bora zaidi hulaliwa na hafifu hufunika. Nimewaona watu wenye mahema ya bei kali wakitetemeka hadi alfajiri kwa kutolijua hili, huku jirani yao aliyelalia maboksi ya mafuta ya kupikia akikoroma.

Pia hapigi hema bondeni, hata kama nyasi za huko ni laini na mto u karibu. Usiku hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama chini kabisa, na wakulima wa pande za Nanyuki wanaofungua mlango asubuhi na kukuta viazi vimeungua kwa jalidi wanaijua vyema tabia hiyo. Hatua mia moja kupanda mteremko hazigharimu chochote, nazo hubadilisha usiku mzima.

Sasa njoo chumbani tuone mzigo wenyewe. Sheria ya fundi ni moja: kila kinachopanda gari kiwe na kazi mbili. Leso humbeba mtoto njiani, hufunika sufuria, hukausha vyombo, na usiku huwa pazia la kubadilishia nguo. Sufuria kubwa haisafiri tupu. Ndani yake mmepangwa vikombe, chumvi, majani ya chai na sabuni, na mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani ambayo kesho itaanika soksi. Nguo za Jumapili hukunjwa ndani ya foronya zikawa mto. Chupa ya chuma hujazwa maji ya moto kabla ya kulala, ikavishwa soksi ya sufu na kuwekwa miguuni pa mtoto mdogo. Alfajiri maji hayo bado yana uvuguvugu, na ndiyo ya kunawia uso. Kitu kisichopata kazi ya pili hubaki nyumbani. Kiberiti ni miongoni mwa vichache vinavyosamehewa, nacho husafiri ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana.

Vyakula ndivyo vinavyomtofautisha fundi na mjuaji. Maji huchemka kwa nyuzi chache zaidi kadiri unavyopanda. Nyeri mjini huchemka yapata nyuzi 94, na kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya Naro Moru, mita 3,050, yapata 90. Tofauti hiyo yaonekana ndogo hadi utakapojaribu kupika maharagwe mabichi huko. Utakesha ukichochea, kuni zitakwisha, na watoto watakula mkate mkavu. Kwa hiyo githeri hupikwa nyumbani. Mahindi na maharagwe hulowekwa usiku, huchemshwa hadi yanapokaribia kuiva, kisha sufuria huondolewa motoni ingali inatokota na kutiwa kwenye kikapu kilichozungushiwa sweta kuukuu na vipande vya blanketi, na juu yake mto mdogo uliojazwa nguo chakavu. Kikapu hicho ni jiko lisilo na moto. Akina mama wengi vijijini wanacho, na wengine wamekishona wenyewe katika vikundi vyao. Githeri huendelea kuiva ndani ya matatu, kutoka Nyeri, kupitia Kiganjo, hadi Naro Moru. Mkifika kazi iliyobaki ni kitunguu, nyanya na dakika chache za moto. Nduma na viazi vitamu navyo huchemshwa mapema, kwani huliwa baridi bila malalamiko, na maganda yake hayaachi uchafu wa kudumu.

Nikitafuta mfano wa kale wa ufundi huu katika miji yetu, namkumbuka mgeni. Mwaka 1943 Felice Benuzzi, Mwitaliano, alikuwa mateka wa vita katika kambi nambari 354 ya Waingereza huko Nanyuki. Kila mawingu yalipofunguka aliuona mlima, na tamaa ikamshika. Akawavuta wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakaanza maandalizi ya siri yaliyochukua miezi. Nyundo ziligeuzwa shoka za barafu. Vyuma chakavu vya gari vilifuliwa vikawa meno ya kufunga chini ya viatu. Katani ya vitanda ilisukwa ikawa kamba. Chakula kilidondolewa kutoka posho ya kila siku. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Tarehe 24 Januari walitoroka. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Waliadhibiwa siku 28 za kifungo cha upweke, na mkuu wa kambi akazipunguza hadi saba kwa kuvutiwa na ujasiri wao.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya kutoroka na bendera. Mimi hunivutia ile miezi ya kukusanya, ya kukitazama kila kitu kilichotupwa na kujiuliza kinaweza kuwa nini. Hata hivyo, hesabu ya chakula iliwashinda: walirudi na njaa kali. Shangazi zangu wangewafungashia vizuri zaidi.

Na shangazi hao walijifunza wapi? Hapa ndipo sifa zangu zinapokutana na historia isiyopendeza. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati wa wakati huo walihamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki na waya wa miba. Nyumba zilichomwa. Mwanamke wa Tetu au Mathira aliamriwa kutoka akiwa na alichoweza kubeba, na katika muda mfupi huo alilazimika kuamua: chungu au blanketi, mbegu au jembe, mtoto yupi mgongoni na yupi kwa mkono. Wakati uo huo walikuwapo wanawake waliowapenyezea wapiganaji wa msituni chakula ndani ya viondo, kikiwa kimefichwa chini ya vitu ambavyo askari asingependa kuvipekua. Huko msituni kwenyewe wapiganaji hao waliishi miaka chini ya mianzi, ndege za kivita zikiwaangushia mabomu. Karari Njama, mwalimu wa Nyeri aliyeingia msitu wa Nyandarua mwaka 1953, aliyasimulia maisha hayo ya kambi katika kitabu alichoandika pamoja na Donald Barnett, kilichotoka 1966. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alikuwa amevaa ngozi ya chui. Nguo za dukani zilikuwa zimekwisha zamani.

Ndiyo maana nyanya wengi wa kwetu, wakisikia kwamba wajukuu wanalipa pesa ili wakalale msituni, huguna na kuuliza kama kitanda kimevunjika. Swali hilo ni la haki, nami silijibu kwa kicheko. Ninachoona ni kwamba ujuzi ule ule uliopatikana kwa hofu sasa unatumika kwa furaha, na kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa inayoweza kupewa ujuzi wa aina yake. Nyanya anayeguna ndiye huyo huyo atakayeinuka baadaye, aje kitandani, atoe nusu ya vitu mlivyopanga na kusema havihitajiki. Mara zote huwa amesema kweli.

Kuna wanaotaja asili nyingine ya mambo haya, yaani Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyejengewa nyumba ndogo ya Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan mwaka 1938, akafariki Januari 1941 na kuzikwa hapa hapa mjini. Kwenye kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kumaanisha amekwenda nyumbani. Ni jambo jema vijana wa dunia nzima wanapokuja kulitazama. Lakini asije mtu akatuambia kwamba yeye ndiye aliyewafundisha watu wa mlima huu kulala nje.

Ningemtanguliza Wangari Maathai, mwanamazingira mzaliwa wa Ihithe, kilomita chache tu kutoka kaburi hilo. Alipokuwa mtoto akitumwa kuni, mama yake alimkataza kuokota hata kijiti cha mugumo, kwa kuwa ule ulikuwa mti wa Mungu. Baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 alikwenda Japani, akarudi akihubiri mottainai, fundisho la Wajapani la kuionea uchungu mali inayopotea bure, na akahimiza watu wabebe vikapu badala ya mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Mtu aliyejaza gari chupa za maji za dukani atazuiliwa langoni. Mwenye kibuyu au chupa ya chuma atapita, naye hakununua kitu.

Kuhusu moto, mimi si mtu wa kuni tena. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya msitu na nyika ya mlima, na waliouona usiku kutoka Naro Moru hawatausahau. Mtungi wa meko wa kilo sita, ule ule wa jikoni, unatosha familia kwa siku mbili, na hakuna gharama mpya hapo.

Nisieleweke kwamba kila senti inafaa kubanwa. Ada ya lango ni ya kulipa, haikwepwi kwa njia za panya. Viatu visivyopitisha maji, tochi, dawa za mtoto na koti la mvua havina mbadala wa maboksi. Koti lenyewe lipo Karatina siku ya soko, katika marundo ya mitumba, ukiwa na subira ya kupindua na kuijaribu zipu kabla ya kuuliza bei. Watoto wadogo wasipandishwe haraka kupita kituo cha hali ya hewa, kwa kuwa kichwa kinachouma kwa kukosa hewa hakitulizwi na hodari yeyote wa kufungasha. Na tembo na nyati hawana habari na bajeti yako. Ua wa umeme wa Nyandarua uliokamilika mwaka 2009, kilomita zipatazo 400, ulijengwa kwa sababu, nayo familia isiyo na pesa ya lango na ilale upande wa huku wa ua. Mwombe mjomba mwenye shamba linalopakana na msitu. Umande ni ule ule na nyota ni zile zile, tena kuna choo, na maziwa ya chai hukamwa mkiyatazama.

Basi ewe msomaji mwenye watoto, subiri Desemba mvua za vuli zikipungua, au Januari kabla shule hazijafunguliwa. Aprili usijaribu, na Agosti ya ukungu iachie wazoefu. Usinunue chochote kwanza. Tandika maboksi uani kwako, pika githeri ya kikapu, laleni usiku mmoja, na asubuhi hesabu vitu ambavyo hakuna aliyevigusa. Hivyo ndivyo utakavyoviacha.