Sifa za Fundi wa Koti

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu hunufaika nazo kila siku bila ya kuzishukuru, sioni iliyodhulumiwa zaidi ya ushonaji. Maana kijana akitoka katika usaili naye amepata kazi, husifiwa elimu yake, vyeti vyake na ufasaha wa ulimi wake, ilhali yule aliyeliweka koti lake sawasawa mabegani, hata akili yake ikapata faragha ya kushughulika na maswali badala ya kushughulika na nguo, hakumbukwi na mtu.

Nguo ya arusi huvaliwa itazamwe. Nguo ya usaili huvaliwa isahauliwe upesi. Wasaili huiona mara moja tu, mlangoni, wakaridhika kuwa aliyeingia ni mtu mwenye murua aliyeiheshimu siku yao, kisha macho yao hupanda usoni pake, wala hayafai kushuka tena. Kila kinachoyashusha ni taksiri: tai yenye rangi za tausi, soksi fupi inayoacha muundi wazi mtu anapoketi, kiatu chenye tope la njiani. Suti ya buluu iliyokolea au ya kijivu, shati jeupe, tai tulivu na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, hayo yanajulikana na wote, na sina haja ya kuyarefusha.

Mahali napo pana hukumu yake. Suti ya Kaunda, iliyochukua jina la rais wa kwanza wa Zambia, imewastiri mawaziri na makarani wetu kwa miaka mingi. Hata hivyo, Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliikataza bungeni, katika nchi ambayo Rais wake mwenyewe alikuwa akipenda kuivaa. Kwa rai yangu hilo ni vazi la heshima tupu, na katika joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari lina hekima kuliko koti na tai. Lakini anayebisha hodi hana nafasi ya kubishana juu ya desturi za nyumba, kwa hiyo na aulize mapema wenyeji wanavaaje.

Tuje kwa fundi. Kijana asiye na kitu hununua koti la mtumba, mathalani huko Mchikichini, Ilala, koti zuri la sufu lililokatwa ng'ambo kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine, na hapo ndipo ustadi unapohitajiwa. Fundi hodari haanzi na mkasi. Humvalisha koti, akamwamuru ashushe mikono na asimame kama asimamavyo kila siku, kwani kila anayepimwa hujitunisha kifua, halafu huupapasa mshono wa bega kwa vidole. Bega likizidi, fundi mwaminifu humwambia akatafute koti jingine, kwa sababu kulipunguza bega ni kulifumua koti karibu lote: mkono hutolewa, pedi hutolewa, bitana hufunguliwa, na aghalabu likirudishwa halirudi lilivyokuwa. Kiuno ni jambo jepesi. Mikono nayo hufupishwa hata pindo la shati lichungulie kadiri ya sentimita moja. Ila kama vitundu vya vifungo vya mkononi vimetobolewa kweli, si vya urembo, mkono hauwezi kukatwa chini, bali upunguzwe kutoka juu, begani, na fundi anayeilalamikia kazi hiyo ana haki. Suruali iliyoshonwa kwa adabu huwa na akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma, kwa kuwa aliyeishona alijua kuwa binadamu hunenepa. Yote hayo kwanza hupigwa bandi kwa uzi mweupe, mwenye koti akavalishwa tena na kuzungushwa, ndipo cherehani inaposikika. Mwisho ni pasi, tena juu ya kitambaa kibichi, maana pasi ya moto ikigusana na sufu huiachia mng'ao ambao hautoki kwa dawa wala kwa dua.

Mkono wa namna hii katika pwani yetu haukuanzia kwenye suti. Fundi aliyelelewa juu ya kanzu, akajua kuunga badani na taharizi, kuweka kaba shingoni na kuitia nakshi ya uzi kwa sindano na subana, amefunzwa na vazi jeupe lisilo na pa kufichia mshono uliopinda. Akipewa koti, huliona kama mtu aliyezoea kusoma maandishi madogo anavyoona makubwa.

Wapo wanaodai kuwa suti mpya ya dukani, ghali na yenye jina, inamtosha msailiwa. Siafiki. Nimewaona wengi waliovaa fedha nyingi zikawaning'inia mabegani, na wachache waliovaa mtumba wa bei ndogo wakaonekana wamezaliwa nao. Tofauti yao ilikuwa ujira mdogo aliolipwa mtu mwenye futi shingoni na chaki mkononi. Sikatai kwamba mafundi wana aibu yao moja, nayo ni kesho: njoo kesho, imebaki vifungo tu, njoo kesho. Sanaa yao naitukuza, ahadi zao siziwekei dhamana.

Kwa hiyo, ewe kijana uliyeitwa usailini, toa sehemu ya fedha uliyoiwekea tai mpya umpe fundi, umpelekee koti wiki nzima kabla ya siku yenyewe, ulijaribu mbele yake huku umeketi na umesimama, na ukisha kuridhika, mlipe ujira wake kamili bila ya kumpunguzia.