Ringi Iliyonyooka

Fundi halitazami gurudumu analolinyoosha. Baiskeli ameipindua chini ya mwembe, imesimama kwa kiti na usukani. Analizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja, kisha anageuzia uso upande wa wauza dagaa, utadhani mawazo yake yako kwingine. Kidole gumba amekiegemeza kwenye fremu, ukucha umeachiwa nafasi ndogo sana na ringi. Kila mzunguko ringi inaukwaruza ukucha mahali palepale, halafu kimya, halafu inakwaruza tena. Ameshapajua. Analisimamisha gurudumu na kuzigonga spoki moja moja kwa spana yake ndogo iliyolika pembe. Iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba, iliyolegea inatoa mlio mzito usiofika mbali. Analegeza upande mmoja robo mzunguko, anakaza upande wa pili robo mzunguko. Robo tu, kisha anazungusha upya na kusikiliza.

Kijana mwenye baiskeli ameshachoka kusubiri. "Babu, mbona imeshanyooka?"

"Imenyooka kwa macho, mjukuu wangu. Subiri."

Ni gulio la kawaida wilayani Kwimba, na mzee huyu hana bango wala banda. Ana mfuko wa turubai, pampu, beseni la maji la kutafutia pancha, na kopo la gololi zilizolowekwa kwenye grisi nyeusi. Niliwahi kumwona akimaliza kazi, akalipwa, kisha akamwita mteja arudi kwa sababu kuna spoki moja ambayo sauti yake haikumridhisha. Mteja alikasirika. Mzee aliipindua tena baiskeli bila neno.

Ukali wake una sababu. Baiskeli nyeusi za zamani, Raleigh za Uingereza na Phoenix za Shanghai zilizofuata mtindo uleule, breki zake ni za vyuma. Ukibana, pedi zinapanda na kuishika ringi kwa upande wake wa ndani, ule unaoelekea kwenye spoki. Ringi ikiyumba kidogo kulia na kushoto utavumilia, lakini ikiwa na nundu ya juu na chini, breki itakamata na kuachia, kukamata na kuachia, nawe uko kwenye mteremko na nyuma yako kuna gunia la mpunga, na juu ya gunia kuku wawili waliofungwa miguu. Kwa hiyo fundi anaupima kwanza mviringo, kuyumba baadaye. Wanaojifunza siku hizi huanzia kwenye kuyumba, maana ndiko kunakoonekana.

Waliozitengeneza baiskeli hizo walijua uzito unakaa wapi. Gurudumu la mbele la Raleigh ya zamani lina spoki 32, la nyuma lina 40. Tangu James Starley wa Coventry alipozipanga spoki zipishane kiubavu, mwaka 1874, ufundi wenyewe haujabadilika sana: waya mwembamba ambao ukiusukuma unapinda, lakini ukiuvuta unabeba mtu na shehena yake, mradi wenzake wote wanavuta kwa haki. Mmoja akizembea, jirani yake anabeba mara mbili, na karibu kila mara anayekatika yuko nyuma, upande wa friwili, kwa sababu huko spoki zimesimama wima zaidi na zimekazwa zaidi. Mzee ana spoki za akiba za upande huo tu. Za upande wa pili, anasema, zitamzeekea mfukoni.

Na mpanda baiskeli naye alikuwa fundi. Hili tunalisahau upesi. Kati ya Ngudu na Sumve hakuna mlima wa kuogofya, ila hakuna tambarare ya kupumzikia pia. Kilima kikiisha, kingine kinaanza. Juu kuna mawe makubwa yaliyopandiana, chini kuna bonde, na Wasukuma wana jina la udongo wa kila sehemu ya mteremko. Karibu na mawe ni luseni, mchanga mwepesi. Huko usikate kona wala usikaze mikono. Kanyaga sawasawa na uiache baiskeli itafute njia yake. Ukishuka unaingia itogolo, udongo mgumu kama sakafu. Hapo ndipo pa kukusanya mwendo, maana ndio utakaokupandisha upande wa pili. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi. Masika unajisokota kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, ndiyo maana wenye busara hawakukosa kijiti cha kuukwangua. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyojirudia kwa mpangilio uleule kilima baada ya kilima. Mpeleka mpunga gulioni angeweza kumweleza hayo kwa magoti yake.

Kipimo cha mpandaji kilikuwa kwenye mpando. Baiskeli ina gia moja, mzigo ni mkubwa kuliko mwenyewe, lazima atashuka. Swali ni lini. Asiyejua hung'ang'ania mpaka baiskeli inasimama kabisa, mzigo unamvuta, wanaanguka wote. Anayejua hushuka baiskeli ikiwa bado ina mwendo, mguu wa kulia ukipita juu ya bomba la fremu kwa kuwa nyuma mzigo umeziba, na ule mwendo uliobaki anautumia kwa hatua zake za kwanza za kusukuma. Mkono mmoja unasukuma keria, mwingine umeshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, ya kuiongoza baiskeli akiwa nyuma. Utotoni niliwatazama wakipita na magunia ya mkaa, hawahemi kwa kelele, wanasalimia wazee bila kupunguza hatua. Sijawahi kuona ushukaji wa kupendeza kuliko ule.

Zilinunuliwa kwa pamba, baiskeli hizo. Ushirika ulipokuwa na nguvu, tangu vyama vya ukanda wa Ziwa vilipoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation ya akina Paul Bomani, mkulima aliyeuza vizuri alirudi nyumbani akiendesha. Kisha ikaja miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera, vipuri vikaadimika, na nadhani hapo ndipo mafundi walipofikia kilele chao. Tairi lililochanika lilishonwa kwa uzi wa nailoni. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, hakuna aliyethubutu kutupa ringi.

Leo bodaboda inapita luseni, itogolo na mbuga kwa mlio uleule, na abiria hajui kimoja kimeishia wapi. Mama mjamzito anawahishwa hospitali. Hilo silibezi hata kidogo. Linaloniuma ni tunavyozitendea baiskeli ambazo bado tunazo. Zinakuja zina rangi na gia nyingi, gia zinagoma mapema na zinaachwa hivyohivyo, mnyororo ukibaki kwenye moja. Magurudumu yamekazwa juujuu, na muuzaji anaona kazi yake imeisha akishapachika pedali. Spoki ya kwanza inakatika, mwenyewe anaizungusha kwenye jirani yake isipige kelele na kuendelea na safari. Ya pili, ya tatu. Ringi inapoanza kusugua fremu anaenda Mwanza kununua gurudumu zima, na lile la zamani linakuwa mlango wa banda la kuku.

Nilimuuliza mzee kama kuna anayemfundisha. Mwanawe alikaa naye kidogo, kisha akahamia kwenye pikipiki, na baba hakumzuia. Kunyoosha ringi, kwa kazi inayokula nusu ya asubuhi ikiwa imeharibika sana, anatoza bei ya soda. Kijana wa baiskeli, mzee alipomtajia bei hiyo, alicheka na kumwomba apunguze.